Risala ya Wajukuu kwa Bibi Pasi, Siku Viatu Vilipotazama Nje

Mgeni rasmi,
Wazee wetu,
Majirani mliokuja na viti vyenu, na ninyi mliokuja kukalia viti vya wenzenu,
Wajukuu na vitukuu, pamoja na mama mkwe wa kinyozi, ambaye amefika mapema kuliko wote na kutulazimisha kuanza kwa wakati,

Salamu nyingi kwenu nyote.

KARIBU, INGAWA UKO KWAKO

Mgeni rasmi, watu wakisoma risala huanza kwa kumshukuru mgeni kwa kuacha shughuli zake nyingi na kusafiri kutoka mbali. Wewe umesafiri kutoka chumba cha nyuma mpaka hapa uani, na njiani umesimama kuuliza ni nani aliyeacha ndoo katikati ya njia. Shughuli zako hukuziacha kwa hiari. Tumekunyang'anya pasi mkononi ikiwa bado ya moto, na kwa hilo tunaomba radhi mapema, kabla hujapata nafasi ya kudai.

Tunajua umeshtuka. Tangu juzi tulikwambia hapa nyumbani anakuja mgeni mkubwa. Ukauliza ni nani. Tukasema ni mtu mzito, anaogopwa mtaa mzima, akikohoa kila mtu anakaa sawa. Hakuna neno la uongo hapo. Kitambaa cheupe cha meza iliyo mbele yako umekipiga pasi mwenyewe asubuhi ya leo, huku ukisema, "Huyo mgeni wenu asije akakuta mikunjo akadhani nyumba hii haina mwenyewe." Basi papasa hapo mbele yako, Bibi. Mgeni wetu hajakuta mikunjo.

Sababu ya kukukamata kwa mtindo huu unaijua. Sherehe zote za shule ya hapo jirani, vitambaa vya meza ulifua wewe, na kila sherehe ulisimama nyuma ya watu ukasikiliza risala mpaka neno la mwisho. Kila mara ulirudi nyumbani umenuna. Ulikuwa ukisema, "Wageni wao wanaombwa, wanajibu 'nimeyapokea', wanakula, wanaondoka. Ningekalishwa mimi kwenye kile kiti, ningejibu hapohapo kabla sijanawa mikono." Maneno hayo uliyasema mbele ya mashahidi. Mashahidi wamekaa safu ya mbele, wanatafuna karanga. Na kiti ndicho hicho, umeshakikalia.

Tunakuomba pia usikohoe mpaka tumalize. Kikohozi hicho si cha ugonjwa. Tumelelewa nacho.

HISTORIA YA MTU USIYEMJUA

Mgeni rasmi, wakati wa kuandika tulikwama mahali pamoja. Mtu tunayetaka kumshukuru leo hapendi kusifiwa. Ukimsifu anainuka, anasema kuna kitu kinaungua jikoni, na hata jiko likiwa limezimwa tangu asubuhi atakwenda kulitazama. Kwa hiyo tumekubaliana tukusimulie habari za bibi mwingine kabisa. Wewe humjui. Sikiliza tu kama wakubwa wanavyosikiliza habari za wananchi, kwa kutikisa kichwa polepole.

Yuko bibi mmoja, kazi yake dobi. Mtaani wanamwita Bibi Pasi, kwa ajili ya pasi yake ya mkaa, chuma kizito ambacho mtu mzima akikiinua mara moja anaomba kukaa. Kishikio chake cha mbao kimeliwa na vidole vyake mpaka kimechukua umbo la kiganja, na mtu mwingine akikishika anahisi kabisa kwamba ameshika mkono wa mtu. Bibi Pasi aliolewa angali msichana, akazaa mapema, na binti yake mkubwa akamwiga haraka. Ndiyo maana mjukuu wake wa kwanza, aliyesimama hapa anasoma, ana mvi na wajukuu wake mwenyewe. Wawili hao wakikaa pamoja barazani wapita njia huuliza ni yupi mama wa mwenzake. Mjukuu halipendi swali hilo. Bibi Pasi hulipenda sana, na hujibu, "Mkubwa ni yule anayelalamika magoti."

Mume wake alikuwa mtu mpole mno. Aliishi kimya akaondoka kimya, na inasemekana hata siku yake ya mwisho alisubiri nguo za wateja zikauke kwanza ndipo akafunga macho, asije akasumbua kazi.

Watoto wao walipokua walitawanyika kutafuta riziki. Baadhi walirudi, wengine zilirudi salamu zao tu, na binti mmoja alifariki dunia. Lakini wote, walio hai na huyo aliyetangulia, waliacha kitu kilekile mlangoni kwa Bibi Pasi. Waliacha watoto. Tulifika mmoja baada ya mwingine, kila mtu na kifurushi chake na kamasi zake. Bibi Pasi hakuuliza tutakaa mpaka lini. Swali lake lilikuwa moja: "Amekula?"

Akishajibiwa, alimshika mtoto kidevu, akampeleka mlangoni penye mwanga, akamtazama usoni. Alimtazama kwa muda mrefu hata mtoto akaanza kulia. Halafu akafungua kopo lake la nyuzi.

Hapa inabidi tueleze, kwa kuwa mgeni rasmi si mtu wa kazi hizi. Dobi akifulia watu wengi lazima ajue shati la nani ni lipi. Bibi Pasi hakujifunza kuandika, kwa hiyo ndani ya kola ya kila mteja alishona uzi wa rangi yake, mishono miwili tu, mahali pasipoonekana. Mwalimu mkuu ni bluu. Mwenye bucha ni kijani. Nasi wajukuu, kwa kuwa sare zetu za shule zilifanana na kila asubuhi tulipigania ile isiyochanika, tukapewa nyuzi pia. Rangi haikuombwa, na ikishatolewa haikubadilishwa. Alichagua baada ya kumtazama mtu uso. Mjukuu wa kwanza alipewa nyekundu, "maana huyu ana ulimi." Mwenzetu ambaye leo ni kinyozi akapewa rangi ya chungwa. Fundi bomba wa leo alipewa rangi ya udongo, akalia siku nzima akitaka ya dhahabu kama ya jirani.

"Dhahabu unaijua wewe?" Bibi akamwuliza.

"Naijua. Inang'aa."

"Na wewe ukinawa utang'aa. Njoo hapa nikunawishe."

Mdogo wetu wa mwisho, ambaye leo ni muuguzi, alipata zambarau. Mpaka leo, tukiwa watu wazima na nyumba zetu, ukigeuza kola za nguo tulizovaa hapa utazikuta nyuzi hizo. Kinyozi hata koti la harusi yake alilileta lishonwe uzi kwanza, na mkewe akadhani ni doa.

MAFANIKIO

Katika kipindi chote cha uongozi wake, Bibi Pasi amepata mafanikio mengi, na mengine wahusika hawapendi yatajwe. Tutayataja.

Fundi bomba alikuwa kikojozi. Tumepata ruhusa yake kusema hivyo, baada ya kumwahidi sehemu nono ya chakula cha leo. Alikojoa kitandani kwa bidii na bila kuchagua siku. Bibi Pasi aliamka kabla ya watu, akalitoa shuka, akalifua, na jua lilipochomoza shuka lile lilikuwa limeanikwa katikati ya mashuka ya wateja, jeupe kuliko yote. Sisi wenzake, kwa roho mbaya za kitoto, tulikuwa tunaulizia makusudi.

"Bibi, shuka hili la nani?"

"La mteja."

"Mteja gani anafua shuka kila siku?"

"Mteja msafi. Ninyi mnafua lini?"

Hakuna mtoto wa mtaa huu aliyewahi kumcheka fundi bomba. Alikua na heshima yake yote, na leo ndiye anayeitwa usiku na mchana kuzuia mabomba ya watu yasivuje.

La pili ni la viatu, na hili mgeni rasmi tunaomba ulisikilize vizuri, maana tutalirudia.

Bibi Pasi hakuwa mtu wa kuhubiri. Lilipokuja jambo gumu ambalo mtoto hataki kulifanya, kama sindano ya hospitali, siku ya kwanza ya shule, au kwenda kumwomba msamaha jirani uliyemvunjia dirisha, hakusema neno. Ulilala, ukaamka, ukakuta viatu vyako vimeoshwa, vimewekwa mlangoni, ncha zake zinatazama nje. Na pembeni yake vimewekwa vya kwake yeye, navyo vimeoshwa, navyo vinatazama nje.

Kwetu hiyo ndiyo iliyokuwa amri kubwa kuliko zote. Tulikuwa tunanong'onezana kitandani, "Umeshaona? Viatu vinatazama nje." Ukiviona ulijua mambo mawili kwa pamoja: kwamba hakuna mjadala, na kwamba hutakwenda peke yako.

Yule binti yake alipofariki, aliacha watatu, na muuguzi ndiye alikuwa mdogo wao, hajui hata kufunga kifungo. Asubuhi ya mazishi watatu hao waliingia chini ya kitanda wakakataa kutoka. Watu wazima walikuwa tayari kuwavuta. Bibi Pasi akawazuia kwa mkono. Aliweka viatu vyao mlangoni, akakaa kizingitini, akavaa vya kwake taratibu, kwanza mguu huu, kisha huu, akasubiri. Nje watu wanangoja, yeye anasubiri. Siku hiyo anamzika mwanawe wa kumzaa, na bado anasubiri. Jua likaingia mpaka katikati ya chumba. Kisha ukatoka mkono mdogo chini ya kitanda ukaanza kupapasa viatu.

Tunayo mengine. Kuna jambo ambalo sisi tuliokwisha kuwa bibi tumelielewa kwa kuchelewa. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunamkuta alfajiri amelala kwenye kiti karibu na mlango, kichwa kimeegemea ukuta. Tulidhani anapenda. Tulisema, "Bibi yetu yeye hulala amekaa," na tuliwaringia wenzetu ambao bibi zao walilala kawaida. Juzi mjukuu wa kwanza aliletewa wajukuu kwa likizo, akawalaza kitandani kwake, na usiku akatafuta mahali pa kujilaza asipate. Akavuta kiti. Ndipo akacheka peke yake gizani, halafu hakucheka tena.

Kwa hayo yote, na kwa kila kola, kila kidevu kilichoshikwa kwenye mwanga, tunasema asante. Tukisema asante mbele yake anakwenda kutazama jiko. Ndiyo maana tunakuambia wewe, mgeni rasmi, umfikishie.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hakuna risala isiyo na changamoto, na hii nayo inazo. Haya tunayokueleza sasa tunakuomba usimfikishie bibi huyo kwamba umeyasikia kwetu.

Tangu mwaka jana nguo zimeanza kupotea njia. Ya kwanza tuliyoijua ni ile ya mwenye bucha, aliyetokea kwa kinyozi Jumamosi asubuhi na suruali iliyoishia katikati ya miguu, tambarare kabisa, mstari wa pasi umenyooka kama rula. Nyuma yake akaingia mwalimu mkuu na koti jeupe la bucha lililomfika magotini.

"Mwalimu, hii ni yako?"

"Ni yangu. Na hili je?"

"La kwangu. Umemwambia?"

"Nimwambie nini? Alinifulia sare nikiwa darasa la kwanza. Wewe umemwambia?"

"Mimi nina wazimu?"

Wakavua wakabadilishana nyuma ya pazia la kinyozi, wakaapa kunyamaza. Wiki iliyofuata walikuja wengine. Wale wa bluu walipewa za kijani, wa kijani wakapewa za bluu, na wengine wote wakapata chochote. Sasa Jumamosi za kinyozi zimegeuka soko la kubadilishana nguo. Yupo mzee mwenye upara unaong'aa, hana hata unywele mmoja wa kukatwa, na hakosi. Bibi Pasi, akipita na kusikia sauti za watu mle ndani, hufurahi: "Kinyozi wetu siku hizi ana wateja! Nilisema mimi, mtoto wa uzi wa chungwa hawezi kulala njaa."

Hakuna aliyepanga njama hii, ila mtaa mzima umo ndani yake. Na sasa njama yenyewe imetugeukia. Muuguzi akimwambia, "Bibi, twende ukaonwe macho," anajibiwa, "Macho yangu yana nini? Nileteeni mteja mmoja aliyelalamika." Mteja wa kuleta hatuna. Yeye alituficha aibu zetu tukiwa wadogo, nasi tukamfichia yake, na tumemfichia vizuri mno hata yeye mwenyewe hana habari.

Changamoto ya pili ni hii alama aliyo nayo kwenye mkono wa kushoto.

"Bibi, umeungua?"

"Mbu."

"Mbu gani anaacha alama yenye ncha kama pasi?"

"Mbu wa siku hizi."

Hizo mbili, mgeni rasmi, tulizicheka. Ya tatu hatukuicheka.

Muuguzi alijaliwa mtoto msimu wa mvua uliopita. Ni mtoto aliyesubiriwa miaka, na alipozaliwa kila mtu alijua kitakachofuata: kidevu, mwanga wa mlangoni, kopo la nyuzi. Bibi Pasi alimpokea, akamnusa kichwa, akamwimbia, akamwogesha kwa mikono ileile iliyotuogesha sote. Kopo hakulifungua. Tukamwuliza, "Rangi yake Bibi?" Akasema, "Bado namsoma. Mtoto huyu hana haraka, kwa nini ninyi mna haraka?" Mvua zikaisha. Mtoto ameota meno. Bado anasomwa.

Mwezi uliopita jirani yetu wa mlango wa pili alikuja kuazima beseni, na mwanawe mchanga mkononi. Bibi Pasi akamnyang'anya mtoto kwa furaha, akampapasa uso kwa vidole, akasema kwa sauti ya kusikiwa na ukumbi mzima, "Aa, pua hii ya kwetu kabisa! Hii ni ya babu yake mtupu!"

Jirani alitutazama. Sisi tukatazama chini. Akasema, "Ndiyo Bibi. Wote wanasema hivyo." Mungu amzidishie jirani yule.

Muuguzi alikuwa amesimama palepale mlangoni, na wa kwake amembeba. Alikwenda jikoni akafungua bomba la maji likamwagika muda mrefu bila chombo chini yake.

Tangu siku ile tumeacha kucheka. Muuguzi akamwambia Bibi Pasi amsindikize kazini, kumbe ana lake, akamfikisha kwa daktari. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, ukungu mzito, ila unaondoka. Wanaanza jicho moja. Anaingia asubuhi, jioni yuko nyumbani. Nafasi ni Jumatatu hii, yaani kesho kutwa, na daktari huyo baada ya hapo anahamia kwingine. Bibi Pasi alimsikiliza kwa adabu zote, akamshukuru, akamwambia kola yake haikunyooshwa vizuri, akarudi nyumbani kupiga pasi.

Tumemwuliza kwa nini anakataa, kila mtu kwa zamu. Kinyozi aliambiwa ni kazi nyingi. Fundi bomba akaambiwa ni hali ya hewa. Ukweli aliutoa mara moja tu, siku alipokuwa anakunja shuka na mjukuu wake wa kwanza. Shuka kubwa, mgeni rasmi, halikunjwi na mtu mmoja. Mnashika pembe, mnalivuta, mnakwenda mkikutana katikati. Walipokutana katikati, nyuso zikiwa karibu, Bibi Pasi alisema kwa sauti ndogo:

"Nikishikwa mkono mara moja nikaongozwa njia, nitashikwa mpaka kaburini. Na mimi ndiye ninayeshika. Siku zote ni mimi ninayeshika."

Mjukuu ana ulimi tangu utotoni, uzi wake unashuhudia. Siku ile alimkabidhi tu pembe zake za shuka. Walirudi nyuma wakavuta shuka lingine.

OMBI LETU

Mgeni rasmi, ombi letu ni moja.

Bibi huyu hasikii la mtu. Daktari amesema, ametoka mikono mitupu. Muuguzi amesema mpaka sauti imemkauka. Mwalimu mkuu, anayetisha shule nzima, alikuja kumwambia akaishia kuambiwa anyooshe mgongo. Tumeuzunguka mtaa wote kutafuta mtu mmoja ambaye Bibi Pasi anaweza kumsikiliza, na tumempata. Ni wewe.

Tunakuomba ukae naye leo jioni, ninyi wawili tu, na umwambie haya kwa niaba yetu.

Mwambie pasi yake haiendi popote. Itakaa pale inapokaa, na kinyozi ameapa hata mkaa wake hautaguswa.

Mwambie amelea watoto wengi na amewalea vizuri, lakini huyu mtoto wa jicho hana shukrani, na ni ruhusa kumfukuza nyumbani.

Mwambie kuhusu lile la kushikwa mkono. Jibu limepatikana, ingawa limechelewa, kama yanavyochelewa majibu yote mazuri. Yeye alitushika mkono sote. Alitushika siku ya shule, siku ya sindano, siku ya makaburini. Je, kuna hata mmoja wetu ambaye bado anashikwa? Alitushika mpaka tulipofika, akatuachia, tukatembea. Kwa nini adhani sisi tutafanya tofauti na alivyotufundisha? Na kama hataki kushikwa kabisa, hatutamshika. Tutatembea naye sambamba, na mkono utakuwa hapo pembeni, umening'inia, hauna kazi. Akiutaka ataukuta.

Na umwambie kwamba ndani ya nyumba yake yupo mtu mmoja, mfupi, mwenye meno manne, ambaye kola yake haina kitu. Tungeweza kumshonea sisi. Kopo tunajua liliko na sindano tunazo. Lakini rangi haichaguliwi na mtu mwingine. Kwanza mtoto apelekwe kwenye mwanga, atazamwe usoni hata alie.

MWISHO WA RISALA, NA MWANZO WA SAFARI

Mgeni rasmi, ulisema ungejibu hapohapo kabla hujanawa mikono. Maji ya kunawa yako tayari, na chakula kinanukia mpaka huku. Lakini hatutaki ujibu kwa maneno. Kwa maneno unatushinda, umetushinda tangu tuzaliwe.

Geuza uso upande wa mlango wa mbele. Kama huoni kilichopo, hakuna atakayekuuliza. Tutakuambia.

Zipo ndala zako za kutokea. Mjukuu wako wa kwanza amezisugua leo asubuhi kwa brashi na sabuni ya mche, wakati wewe unanyoosha kitambaa cha mgeni. Ncha zake zinatazama nje. Pembeni yake vipo vya kwetu, vyote, mpaka vya kinyozi alivyoolea na ambavyo tangu siku hiyo vinambana. Vimeoshwa, vinatazama nje. Kila jozi tumeifunga uzi wa mwenyewe. Tunajua leo rangi hizo huzioni. Hazina haraka. Ukirudi utatuambia wewe kipi ni cha nani, na ukikosea tutakucheka mbele yako, siyo nyuma ya pazia la kinyozi.

Mwisho kabisa wa mstari kuna vidogo viwili vinavyotosha kwenye kiganja. Hivyo havina uzi.

Hatutakuvuta, Bibi. Jumatatu asubuhi tutakuja tukae kizingitini. Tutavaa vya kwetu taratibu, kwanza huu, kisha huu. Tutasubiri, hata jua liingie mpaka katikati ya chumba.

Mwenyezi Mungu akupe umri wa kutuchoka, na nuru ya kutuona tulivyozeeka bila kukuomba ruhusa. Mikono yako ibaki na joto la pasi bila kuungua. Na kila aliyewahi kuulizwa na bibi yake "amekula?" naye apate wa kumwuliza hivyo.

Ni sisi wajukuu wako: Nyekundu, Chungwa, Udongo, Zambarau, na wote tuliomo ndani ya kopo lako,

pamoja na mmoja ambaye bado anakusubiri umtazame.